Aliyechoma Vitabu Ndiye Aliyeacha Ufunguo



Tarehe 12 Julai, 1562, katika mji wa Maní, Yucatán, nchi iitwayo leo Mexico, padri Mhispania Diego de Landa alivichoma moto vitabu vya Wamaya. Kwake yeye vilikuwa uongo wa shetani. Mwenyewe aliandika kwamba wenye vitabu waliumia mno. Leo vinajulikana vinne tu duniani.

Sasa sikilizeni ajabu. Miaka michache baadaye padri huyohuyo aliandika habari za Wamaya, akatia humo alichokiita alfabeti yao. Alimtajia mwandishi wa Kimaya herufi za Kihispania, naye akazichora. Lakini padri aliposema "be", mwandishi alichora silabi "be", si herufi B. Kitabu kilipochapishwa mwaka 1864, wataalamu wakaijaribu alfabeti ile, ikawashinda.

Mwaka 1952 Yuri Knorozov, Msovieti wa Leningrad ambaye hakuwa amekanyaga nchi ya Wamaya, akaitazama upya. Sisi tulioanza shule kwa kuimba ba, be, bi, bo, bu hatupati taabu kumwelewa. Juu ya picha ya bata mzinga aliona alama mbili. Ya kwanza, kwa Landa, ni "ku". Bata mzinga kwa Kimaya cha Yucatán ni kutz. Basi ya pili ni "tzu", na irabu ya mwisho haitamkwi. Akaenda kwenye picha ya mbwa. Akaikuta "tzu" ileile mwanzoni, ikifuatwa na alama ambayo Landa aliiita L. Tzu-lu. Na mbwa ni tzul!

Mwingereza Eric Thompson, aliyekuwa mkubwa wa elimu hiyo, alimpinga hadi alipofariki mwaka 1975. Alishikilia kwamba alama zile ni za mawazo, si za sauti. Mimi naona kosa hilo halikuwa dogo. Kama ni sauti, basi ufunguo umo vinywani mwa Wamaya walio hai, walewale walioajiriwa kufyeka msitu na kubeba mawe wakati mabwana wakichimba magofu. Lugha zao, zipatazo thelathini, hazijafa.

Si kwamba hazikuandamwa. Vita vya Guatemala vilidumu tangu 1960 hadi 1996. Tume iliyosimamiwa na Umoja wa Mataifa ilitaja mwaka 1999 watu zaidi ya 200,000 waliouawa au kupotezwa, na katika waliotambuliwa, asilimia 83 ni Wamaya.

Vita hivyo havijaisha, mwishoni mwa miaka ya 1980, mtaalamu Mmarekani Linda Schele alianza kuwafundisha Wamaya wa Guatemala kuyasoma maandishi ya mababu zao. Hao walikuja na kitu ambacho mwalimu wao alikipata vitabuni: lugha ya mama. Leo wapo Wamaya wanaochonga mawe mapya kwa alama zilezile.