Kifudu: Shairi la Uasi Lililokosa Nafasi Darasani

Mekatilili wa Menza, aliyewaongoza Wagiriama kuwapinga wakoloni, amezikwa Bungale, hapa Magarini, pwani ya Kenya, na kila mtoto wa shule humkuta katika somo la historia. Katika somo la ushairi hayumo. Hilo linanisikitisha, kwa sababu silaha aliyoanza nayo ilikuwa wimbo.

Mwaka 1913 serikali ya kikoloni, kupitia afisa wake Arthur Champion, iliwadai Wagiriama kodi ya nyumba na vijana wa kufanya kazi katika mashamba ya wazungu. Mekatilili hakuwa na cheo wala jeshi. Alikuwa na kifudu, ngoma ya maombolezo na wimbo wake. Aliicheza kijiji hata kijiji, watu wakamfuata, na walipokusanyika akawahutubia. Kisha vikaliwa viapo, wanawake mukushekushe na wanaume fisi. Oktoba yeye na mwenzake katika uasi, Wanje wa Mwadorikola, wakakamatwa na kupelekwa uhamishoni magharibi mwa Kenya, wakatoroka, wakarudi kwao. Agosti 1914 serikali hiyo ikailipua kwa baruti Kaya Fungo, mahali patakatifu pa Wagiriama, na Wagiriama wa ng'ambo ya kaskazini ya mto Sabaki, ardhi hii ya Magarini, wakaamriwa kuhama.

Kwa nini kifudu, na si ngoma ya vita? Naamini jibu limo katika umbo lake. Wimbo wa kilio humtaka kila aliyepo aitikie, asiyeitikia huonekana. Na kiitikio kikirudiwa, uchungu wa mmoja huwa wa wote. Huo ni ufundi wa kishairi, na ndio uliofanya kazi ya siasa.

Linganisha na ushairi ulioandikwa. Mshairi Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa mwaka 1969 kwa maandishi yake dhidi ya serikali. Mashairi aliyoyatunga gerezani yalitoka mwaka 1973, *Sauti ya Dhiki*, nayo husomwa kwa vina, mizani na hoja zake. Ni haki yake. Lakini wimbo wa mdomo, mara nyingi, mwanafunzi huulizwa tu ni wa aina gani na una sifa zipi, basi. Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walidai katika chuo kikuu cha Nairobi kwamba fasihi simulizi ya Kiafrika iwe kiini cha masomo. Iliingia kwenye silabasi, ila ikatengewa chumba chake, mbali na ushairi.

Mwalimu wa Magarini anaweza kuanza bila kusubiri Nairobi. Kina mama wanaokijua kifudu wangalipo. Awaalike darasani, wanafunzi waitikie kwanza, kisha ndipo wachambue: nani anaanzisha, sauti inakatika wapi, neno gani linarudiwa na kwa nini hilo.