Mtikisa Ardhi: Poseidon na Jamaa Zake

Mwaka 1939 mwanaakiolojia Mmarekani Carl Blegen alianza kuchimba kilima cha Ano Englianos, kusini-magharibi mwa Ugiriki, akilitafuta kasri la kale la Pylos. Mtaro wake wa kwanza kabisa ukaangukia chumba cha kumbukumbu. Vikatoka vibao vya udongo kwa mamia, vimechorwa hati ambayo wakati huo hapakuwa na mtu wa kuisoma. Kasri lenyewe liliteketea karibu mwaka 1200 KK, na moto ulioliangamiza ndio uliovihifadhi vibao hivyo, maana udongo wake ulichomeka ukawa mgumu kama chungu. Mwaka 1952 Mwingereza Michael Ventris, ambaye kazi yake ilikuwa kuchora ramani za majengo, aliifumbua hati hiyo, ikabainika kwamba lugha yake ni Kigiriki.

Aliyetarajia kusoma visa vya miungu hapo hakuvipata. Vibao vile ni daftari za makarani: nani katoa nini, na kimepelekwa wapi. Lakini ndani ya hesabu hizo kuna majina tunayoyafahamu, Zeus, Hera na Hermes, na linalong'aa kuliko yote pale Pylos ni la Poseidon. Kibao kimoja kinaorodhesha vitu vya kumpelekea: nafaka, mvinyo, ng'ombe dume, jibini, ngozi ya kondoo, asali. Kingine kinamtaja mungu wa kike Posidaeia, ambaye jina lake limetoka kwenye la Poseidon na ambaye washairi wa baadaye hawamtaji kabisa. Alipewa zawadi yake, akaandikwa, kisha akasahauliwa.

Naanzia kwenye daftari hizi kwa makusudi. Wengi wetu tuliijua miungu ya Ugiriki kupitia vitabu vya shule na filamu, na humo wanaonekana kama watu wa familia moja wenye ugomvi, kila mmoja na idara yake: huyu radi, huyu vita, huyu mapenzi, huyu bahari. Picha hiyo ni kazi ya washairi. Kabla yake na chini yake kulikuwa na watu wa mahali fulani, wenye hofu na haja zao, wakichinja mnyama kwenye ufuo fulani au mlango wa pango fulani. Poseidon, kwa maoni yangu, ndiye anayelionyesha jambo hili kuliko wenzake wote, kwa sababu hakuwahi kutoshea ndani ya bahari aliyopewa.

Washairi wanaeleza alivyoipata. Katika shairi la Iliad anasimulia mwenyewe kwamba yeye na ndugu zake walipiga kura: Zeus akapata anga, Hades akapata giza la chini, yeye akapata bahari, na ardhi pamoja na mlima Olympus vikabaki mali ya wote. Anayasema hayo kwa hasira, akikataa kuamrishwa na Zeus. Lakini angalia anavyoitwa katika mashairi hayohayo. Jina lake la sifa ni Mtikisa Ardhi. Bahari ni fungu lake, ila nguvu zake zinasikika chini ya nyayo za watu.

Ugiriki ni nchi ya matetemeko, na kila tetemeko kubwa lilikuwa na kesi yake. Karibu mwaka 464 KK Sparta iliporomoka. Thucydides, mwanahistoria asiye mwepesi wa kuamini mambo kama haya, anaandika kwamba Wasparta wenyewe waliijua sababu: watumwa wao, wale walioitwa maheloti, walikuwa wamekimbilia hekalu la Poseidon kwenye rasi ya Tainaron, wakatolewa humo na kuuawa. Aliyeingia hekaluni alikuwa amana ya mungu. Huko Potidaea, mwaka 479 KK, Waajemi walikuwa wameuzingira mji miezi mitatu, ndipo siku moja maji yakapwa kupita kiasi. Wakaona njia imefunguka, wakaanza kuvuka kwa miguu. Kabla hawajafika ng'ambo, bahari ikarudi yote kwa pamoja, kuliko ilivyowahi kujaa. Wasiojua kuogelea walizama, na wanaojua waliuawa na wenyeji waliowaendea kwa mashua. Wenyeji walisema Waajemi walikuwa wamelinajisi hekalu la Poseidon nje ya mji, na mwanahistoria Herodotus anakubaliana nao. Leo wanasayansi wanakisoma kisa hicho kama moja ya taarifa za kale kabisa za tsunami.

Helike ndiyo habari inayonishika zaidi. Ulikuwa mji wa pwani ya kaskazini ya Peloponnese, na Poseidon wake aliheshimiwa hata ng'ambo ya bahari, na Wagiriki wa Asia Ndogo waliojihesabu kuwa wametokea upande huo. Hao wakatuma wajumbe waombe sanamu yake, au angalau mfano wa madhabahu yake, wakakataliwa. Usiku mmoja wa kipupwe cha mwaka 373 KK ardhi ilitikisika, kisha wimbi likaja, na asubuhi mji haukuwepo. Merikebu kumi za Sparta zilizokuwa zimetia nanga hapo zilikwenda nao. Zaidi ya miaka 100 baadaye msomi Eratosthenes alifika eneo hilo, na wavushaji wakamweleza kwamba sanamu ya shaba ya Poseidon ingali imesimama chini ya maji, mkononi ameshika mnyama nusu farasi nusu samaki, nayo ni hatari kwa wavuvi maana nyavu hunasa. Watafiti waliutafuta mji huo baharini miaka mingi. Mabaki yake yalipatikana mwaka 2001, na hayakuwa baharini. Yalikuwa nchi kavu, yamefukiwa na tope la mito kwenye kilichokuwa wangwa, kama mungu mwenyewe alivyokuwa, nusu huku nusu kule.

Farasi yule wa mkononi si pambo. Poseidon alikuwa bwana wa farasi, na hapo ndipo anapokutana na viumbe vya ajabu vilivyojaa katika visa vya Kigiriki. Huko Arcadia, nchi ya milima isiyo na pwani, walisimulia kwamba mungu wa kike Demeter, mama wa nafaka, alipokuwa akimtafuta binti yake aliyetekwa, Poseidon alimfuata kwa tamaa. Demeter akajigeuza farasi jike ili ajifiche katikati ya kundi. Poseidon naye akawa farasi dume, akamshika. Akazaliwa Arion, farasi wa mbio zisizo na mfano. Karibu na Phigalia palikuwa na pango ambamo Demeter alichongwa amevaa nguo nyeusi, na kichwa chake ni cha farasi. Mbali na kutuliza ghadhabu yake, sanamu hiyo ilikumbusha ubaya aliotendewa.

Ndivyo ilivyo pia kwa Medusa, kiumbe wa kike wa kutisha. Hesiod, karibu mwaka 700 KK, anasema Poseidon alilala naye kwenye majani laini ya masika, na kwamba shujaa Perseus alipomkata kichwa, kutoka shingoni walichomoka Chrysaor na Pegasus, farasi mwenye mabawa. Habari kwamba Athena ndiye aliyezigeuza nywele zake kuwa nyoka ni ya Ovid, mshairi wa Kirumi aliyeishi miaka 700 baada ya Hesiod, ingawa leo husimuliwa kana kwamba ndiyo asili. Mtungi mkubwa kutoka Boeotia, wa karne ya 7 KK, uliopo Louvre mjini Paris, unaonyesha mambo mengine. Perseus amegeuza uso pembeni, upanga uko shingoni mwa Medusa, na Medusa ni mwanamke mwenye kiwiliwili cha farasi nyuma yake. Hana hata nyoka mmoja kichwani. Mfinyanzi huyo aliujua uhusiano wa Medusa na bwana wa farasi, akauchora mwilini mwake.

Mtungi mwingine wa karne hiyohiyo uliopatikana Eleusis, wenye kimo cha mita 1.42, unawaweka pamoja jamaa wawili wa Poseidon. Tumboni kuna Medusa amelala bila kichwa, dada zake wanamkimbiza Perseus, na Athena amesimama kati kuwazuia. Shingoni mwa mtungi kuna Polyphemus, jitu la jicho moja, mwana wa Poseidon, ameketi na kikombe cha mvinyo mkononi huku Odysseus na wenzake wakimchoma jichoni kwa mti mrefu. Ndani ya mtungi ilikuwemo mifupa ya mtoto. Wazazi wake walimzika humo, na vitisho hivyo vyote vikabaki nje kumlinda. Sijui namna nyingine ya kuitazama kazi hiyo.

Jicho la Polyphemus ndilo lililomgharimu Odysseus miaka kumi ya kutangatanga, kwa sababu jitu lile lilimwomba baba yake amlipie kisasi. Na kisa kizima cha shairi la Odyssey kinaanza kwa Poseidon kuwa safarini. Amekwenda mbali kwa Waethiopia, kula karamu ya mafahali na kondoo dume, na miungu wengine wanatumia nafasi hiyo kupanga namna ya kumrudisha Odysseus nyumbani. Kwa Wagiriki jina Ethiopia halikuwa na mipaka ya nchi ya leo. Lilikuwa la watu weusi wa kusini, kwenye kingo za dunia, wacha Mungu kiasi kwamba miungu walikaa nao mkekani. Washairi waliimba bila kuwa wamefika.

Mabaharia walifika. Katika karne ya 6 BK mfanyabiashara wa Alexandria, Cosmas, alinakili maandishi ya Kigiriki kutoka kwenye kiti cha enzi cha jiwe pale Adulis, bandari ya Aksum katika Eritrea ya leo. Mfalme wa Aksum, ambaye jina lake limepotea, anahesabu humo ushindi wake, kisha anasema ametoa sadaka hapo Adulis kwa Zeus, kwa Ares na kwa Poseidon, kwa ajili ya wanaosafiri baharini. Ares huyo ni mungu wa Kiaksum aliyevishwa jina la kigeni: katika maandishi ya mfalme Ezana, ya karne ya 4, penye Ares kwa Kigiriki pana Mahrem kwa Kigeezi. Muda si mrefu Ezana aliupokea Ukristo na msalaba ukaingia kwenye sarafu zake, na mwishoni mwa karne hiyo Kaisari Theodosius akapiga marufuku sadaka za miungu katika himaya ya Roma.

Njia ya bahari iliyopita Adulis haikuishia hapo. Kitabu cha mwongozo wa mabaharia kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1 BK kinaifuata hadi Azania, pwani yetu, na soko la mwisho kinaloliita Rhapta. Mwandishi wake anaeleza kwamba jina hilo limetokana na mashua za kushonwa alizozijua huko, mbao zikifungwa kwa kamba bila msumari hata mmoja, kama mitepe ya Lamu ilivyokuja kuundwa. Pembe za ndovu na magamba ya kasa vilipakiwa, pepo zikasubiriwa zigeuke, na merikebu zikarudi kaskazini kupitia bandari ambamo, baada ya vizazi kadhaa, mfalme wa Kiafrika angemchinjia Poseidon ili mabaharia wafike salama.