Aliyeua Ukambani si ule ukungu mweusi

Ukikuta ukungu mweusi kwa kitunguu unashtuka, si ndio? Unabandua ganda mbio, ama unatupa kitunguu chote. Sasa huo mweusi uko na binamu mwenye rangi ya kijani-manjano, na huyo ndiye mwenye damu mikononi. Leo nataka tuongee kuhusu Kitui na Makueni, mwaka wa 2004, kwa sababu nimegundua wengi wa rika langu hawajawahi kuskia hii stori. Wengine tulikuwa bado tunatambaa.

Lakini nianze na mweusi, maana anasingiziwa. Jina lake la kisayansi ni Aspergillus niger. Mwaka 1917 mwanakemia Mmarekani, James Currie, alionyesha kwamba ukiulisha sukari unatema asidi ya sitriki kwa wingi. Kufika 1919 kampuni ya Pfizer ilikuwa inatengeneza asidi hiyo kwa njia hii huko Brooklyn. Kabla ya hapo ilikuwa inakamuliwa kwa malimau ya Italia. Ule uchachu wa soda yako ya machungwa? Mara nyingi ni kazi ya huyu jamaa. Vimeng'enya vyake pia vinatumika viwandani kuvunja wanga kuwa sukari. Si malaika, kuna aina zake zinazotoa sumu, ndiyo maana viwanda vinachagua zile zilizopimwa.

Binamu yake anaitwa Aspergillus flavus, na sumu yake ni aflatoksini. Watanzania wana neno tamu zaidi, sumukuvu. Dunia iliijua vizuri baada ya 1960, wakati bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza baada ya kulishwa mashudu ya njugu kutoka Brazil. Kwetu haikukawia. Mwaka 1981 watu 12 walikufa Machakos kwa mahindi yaliyooza. Kwa hivyo 2004 ikifika, hakuna mtu serikalini angesema hii kitu ni mpya. Ilikuwa imeshapiga hodi miaka 23 mapema, mlango wa jirani.

Kati ya Januari na Julai 2004 watu walianza kuugua. Macho manjano, tumbo na miguu kufura, kutapika, ini linakufa. Wagonjwa waliohesabiwa walikuwa 317, na 125 wakafa. Hebu soma tena hiyo namba: zaidi ya mmoja kwa kila watatu. Wengi walitoka Makueni na Kitui, wengine Machakos na Thika. Wizara ya Afya pamoja na wataalamu wa CDC kutoka Marekani walipopima chakula, walipata mahindi yenye aflatoksini hadi chembe 4,400 kwa kila bilioni. Kiwango kilichoruhusiwa Kenya wakati huo kilikuwa 20. Piga hesabu, ni mara 220. Na zaidi ya nusu ya mahindi yaliyochukuliwa madukani na sokoni eneo hilo yalipita hicho kiwango.

Sasa hapa ndipo huwa nakasirika. Kila mara stori hii ikitajwa, kuna msee atasema, "Hao watu wa mashambani hawajui kuhifadhi mahindi." Manze, hapana. Watafiti walikaa chini na familia za wagonjwa 40, wakawalinganisha na majirani 80 ambao hawakuugua. Waliougua walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa wameweka mahindi yakiwa mabichi, na kuyaweka ndani ya nyumba badala ya ghalani.

Jiulize ni kwa nini mtu aingize magunia ndani ya nyumba anayolala. Kulikuwa na njaa. Ukame ulikuwa umepiga, halafu mvua ikaja wakati mbaya, wakati wa kuvuna. Mahindi yakiwa ghalani nje, yanaibwa. Kwa hivyo unavuna haraka, hayajakauka, unayabeba ndani ambako kuna joto na hewa haipiti, unalala karibu nayo kama askari. Hakuna ujinga hapo. Hiyo ni akili ya mtu mwenye njaa, na ukungu ukaitumia vizuri. Kisha yakiwa ndiyo chakula pekee uko nacho, unayapika hata kama yamebadilika rangi. Na kuchemsha hakusaidii, joto la sufuria haliui hii sumu.

Ilirudi tena 2005 na 2006, ikiwa na vifo vichache.

Wanasayansi walipochunguza ukungu wa mahindi ya 2004 walipata aina moja kali sana imejaa, inayotoa sumu kuliko kawaida. Dawa waliyotengeneza mimi huipenda kwa sababu ni ujanja wa mtaani kabisa: unaleta ukungu uleule, lakini aina zisizotoa sumu, unazipaka kwa punje za mtama zilizouliwa zisiote, unazirusha shambani wiki mbili tatu kabla mahindi yatoe maua. Wapole wanachukua nafasi, wakali wanakosa pa kukaa. Inaitwa Aflasafe KE01, ilisajiliwa Kenya 2015, na inatengenezwa Katumani, huko Machakos, penye kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO.

Halafu kuna muthokoi. Kama umekulia Nairobi unaijua kama chakula cha shosho, ile mahindi iliyotwangwa ganda likatoka. Watafiti wa Kenya walipima mwaka 2008 wakapata kwamba kule kukoboa peke yake kunapunguza aflatoksini kwa karibu nusu, kwa wastani, kwa sababu sumu nyingi iko huko nje ya punje. Haitakuokoa na mahindi yenye 4,400. Lakini ni kazi ya mikono ya wanawake wa Ukambani, kinu na mchi, kabla ya maabara yoyote.

Sai kiwango Kenya kimeshushwa hadi 10. Ni sawa kwa unga wa pakiti. Lakini gunia la nyumbani linaenda poshomili likiwa kwa mkokoteni, linasagwa, linarudi, na kipimo ni jicho la mwenye gunia. Kama kwenu kuna mtu bado anaficha mahindi chumbani, mwambie ajaribu hii: punje kidogo na chumvi kavu ndani ya chupa kavu ya glasi, tikisa, ngoja dakika kumi na tano. Chumvi ikishika kwa glasi, hayo bado hayajakauka. Yarudishe juani.