Kutoka Nyakabiga hadi Kambini: Kwa Nini Mwenye VVU Bado Anaogopa Daktari wa Meno?

Hapa kambini kuna vijana wenzetu wanaomeza ARV kila siku bila kukosa. Lakini jino likianza kuuma, wanavumilia mpaka shavu linavimba. Ukiwauliza wanasema, "Nikimwambia daktari hali yangu atanifukuza. Nisipomwambia, nitaonekana nimedanganya." Hofu hiyo haikuanza kwao. Ina historia, na sehemu yake ni ya kwetu Bujumbura.

Wazazi wetu pale Nyakabiga wanakumbuka miaka ambayo dawa hazikuwepo. Mtu akijulikana ana virusi, watu walikwepa hata kikombe chake. Jeanne Gapiya-Niyonzima ndiye Mrundi wa kwanza kusema hadharani kwamba anaishi na VVU. Alisimama kanisani, baada ya padri kuwataja wagonjwa wa UKIMWI kama watu waliotenda dhambi, akasema yeye ni mmoja wao. Shirika alilolianzisha, ANSS, lilizaliwa mwaka 1993. Oktoba ya mwaka huohuo Rais Ndadaye akauawa, vita vikaanza, mitaa ya Bujumbura ikagawanyika. Kuvuka mtaa kwenda kutafuta matibabu ikawa hatari. Lakini hawakuacha. Kituo chao wakakiita Turiho, maana yake kwa Kirundi "tupo". Mwaka 2005 Burundi ikapata sheria ya kuwalinda wanaoishi na VVU.

Tusidhani unyanyapaa ni wa Afrika tu. Mwaka 1994, huko Maine, Marekani, mama mmoja anaitwa Sidney Abbott alienda kuziba jino. Alipoandika kwamba ana VVU, daktari akakataa kumtibia pale kliniki. Akamwambia atamzibia hospitalini, na gharama za hospitali alipe mwenyewe. Mama akaenda mahakamani. Mwaka 1998 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema mtu mwenye VVU analindwa na sheria hata kama haonekani mgonjwa.

Na sayansi ilikuwa imeshatoa jibu. Tangu 1987 wataalamu wa Marekani waliagiza damu ya kila mgonjwa ichukuliwe kama inaweza kuwa na virusi. Yaani glavu, barakoa na vyombo safi ni kwa wote, siyo kwa "wale" tu. Vyombo vinaingia kwenye mashine ya mvuke, nyuzi 121, na hapo virusi havibaki. Daktari akijichoma sindano kwa bahati mbaya, zipo dawa za kinga, mradi azianze ndani ya saa 72. Kwa hiyo kumfukuza mgonjwa hakumlindi mtu yeyote. Kunafundisha tu wagonjwa kuficha.

Hasara yake ni kubwa, maana mdomo unasema mapema. Utando mweupe kwenye ulimi, vidonda visivyopona, fizi zinazotoka damu: mara nyingi hizo ndizo dalili kwamba kinga imeshuka au dawa hazifanyi kazi vizuri. Na mtu asiyeweza kutafuna anakula kidogo, anadhoofika, hata dawa anazimeza kwa shida.

Tulipokimbia mwaka 2015 tuliacha nyumba, hatukuacha haki zetu. Tanzania nayo ina sheria ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 inayokataza unyanyapaa.

Wadogo zetu, msingoje uvimbe. Mkienda kwa daktari wa meno, mwambieni dawa mnazotumia ili asiwape nyingine zinazogongana nazo. Siri hiyo anapaswa kuitunza.

Na ninyi mnaofanya kazi kwenye mashirika, tunaomba jambo dogo tu: siku mtu anapochukua ARV, mwambieni afungue mdomo, mtazame, na mkiona tatizo mwandikieni rufaa ya meno siku hiyohiyo. Wakubwa wetu walipigania dawa wakati wa risasi. Sisi tusishindwe kupigania jino.