Hati Isiyomfikia Marbury: Mahakama ya Marekani Ilivyopata Meno

Februari 24, 1803, majaji wanne wa Mahakama ya Juu ya Marekani walikutana kwenye sebule ya hoteli mjini Washington kusoma hukumu. Hoteli hiyo, Stelle's, ndiko walikopanga, na mmoja wao, Samuel Chase, alikuwa anaumwa jongo kiasi cha kushindwa kwenda jengo la Bunge. Hata kama angeweza kwenda, huko mahakama ilikuwa na chumba kimoja tu cha kuazima. Rais na Bunge walikuwa wamejengewa majengo yao katika mji mkuu mpya, lakini Mahakama ya Juu ilisubiri hadi 1935 kupata lake.

Aliyewapeleka majaji kwenye sebule ile alikuwa William Marbury, mfanyabiashara wa Georgetown, aliyedai apewe karatasi moja. Hakuipata. Hukumu iliyomnyima karatasi hiyo, Marbury dhidi ya Madison, hadi leo ni somo la awali kwa mwanafunzi yeyote wa sheria ya katiba nchini Marekani, kwa sababu ndani yake Mahakama ya Juu ilitangaza kwa mara ya kwanza kwamba kifungu cha sheria iliyopitishwa na Bunge la taifa ni batili kwa kuwa kinapingana na katiba.

Mamlaka hayo hayamo katika maandishi. Soma Katiba ya Marekani ya 1787 toka mwanzo hadi mwisho, hutakuta sentensi inayowaambia majaji kwamba wanaweza kufuta kazi ya wabunge. Ibara ya tatu inaunda Mahakama ya Juu, inawahakikishia majaji kwamba hawataondolewa wakiwa na mwenendo mwema wala mishahara yao haitapunguzwa, na inataja aina za kesi watakazosikiliza. Basi. Mengine yalitokana na ugomvi wa vyama viwili, kazi za dakika za mwisho na jaji mmoja aliyejua kupiga hesabu za kisiasa.

Walioshindwa wajaza nafasi

Katika uchaguzi wa 1800, Rais John Adams wa chama cha Federalist alishindwa na makamu wake mwenyewe, Thomas Jefferson. Ushindi wenyewe haukuja kirahisi. Jefferson alifungana na mgombea mwenza wake, Aaron Burr, kila mmoja akiwa na kura 73 za wajumbe wa uchaguzi, na Baraza la Wawakilishi likapiga kura mara 36 kabla ya kumpitisha Jefferson, Februari 17, 1801. Ilikuwa mara ya kwanza katika taifa hilo changa kwa urais kutoka chama kimoja kwenda kingine.

Federalist walikuwa wamepoteza Ikulu na Bunge kwa mpigo. Mhimili pekee uliobaki ni mahakama, ambako mtu akishateuliwa hang'oki kwa kura. Januari 1801 Adams alimteua waziri wake wa mambo ya nje, John Marshall, kuwa Jaji Mkuu. Marshall aliapa Februari 4, lakini uwaziri hakuuacha. Alibeba vyeo vyote viwili hadi siku ya mwisho ya serikali ya Adams. Februari 13 Bunge linaloondoka likatunga sheria iliyoongeza nafasi 16 za majaji wa ngazi ya kati na kuagiza Mahakama ya Juu ipunguzwe kutoka majaji 6 hadi 5 pindi nafasi itakapoachwa wazi, ili Jefferson asipate haraka mtu wa kumteua.

Ikafuata sheria ya kuendesha mji mkuu, iliyompa rais uwezo wa kuteua walinzi wa amani, yaani mahakimu wadogo wa kuamua kesi ndogo ndogo kwa kipindi cha miaka 5. Adams akateua 42, Marbury akiwamo. Seneti iliwathibitisha Machi 3, siku moja tu kabla ya Jefferson kuapishwa.

Hapo kazi ikawa ya makaratasi. Kila mteule alipaswa kuandikiwa hati, rais aitie saini, waziri wa mambo ya nje aigonge muhuri mkuu wa taifa, kisha ipelekwe kwa mwenyewe. Adams alitia saini. Marshall aligonga muhuri. Kupeleka ndiko kulikokwama. Ndugu yake, James Marshall, alichukua hati za wateule wa Alexandria, akaona hawezi kuzibeba zote, akarudisha baadhi na kuyakata majina yao kwenye orodha ya kupokelea. Hati zilizobaki zilikutwa ofisini serikali mpya ilipoingia. Sasa aliyeshika mpini alikuwa Jefferson, naye akaagiza zisitolewe.

Shahidi asiyetaka kusema

Desemba 1801 Marbury na wenzake watatu walikwenda moja kwa moja Mahakama ya Juu. Waliomba amri ya kumlazimisha waziri mpya wa mambo ya nje, James Madison, awakabidhi hati zao. Wakili wao, Charles Lee, aliwahi kuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali chini ya Adams. Marshall aliamuru Madison aeleze kwa nini amri hiyo isitolewe.

Chama cha Jefferson kilijibu kupitia Bunge. Machi 1802 kilifuta sheria iliyozaa nafasi zile 16, na mwezi uliofuata kikabadilisha ratiba ya vikao vya Mahakama ya Juu. Majaji walioahirisha kikao Desemba 1801 hawakukutana tena hadi Februari 1803. Zaidi ya mwaka mzima mahakama ya juu kabisa ya nchi haikuketi, kwa sababu wabunge walitaka hivyo.

Kesi ilipoanza kusikilizwa, Madison hakufika wala hakutuma wakili. Lee alilazimika kuthibitisha kwa mashahidi kwamba hati ziliwahi kuwapo. Akawaita makarani wa wizara, waliojibu kwa kusitasita. Akamwita pia Levi Lincoln, Mwanasheria Mkuu wa Jefferson, ambaye ndiye aliyekaimu wizara ile kabla Madison hajafika mjini. Lincoln alisita, akaomba maswali yaandikwe na apewe muda wa kuyatafakari. Aliporudi alikiri kwamba aliona hati nyingi zilizokwisha sainiwa na kugongwa muhuri. Kuhusu zilikoishia, mahakama haikumshurutisha kusema.

Mtu mmoja chumbani alijua habari za hati hizo kuliko shahidi yeyote, naye alikuwa amekaa kiti cha Jaji Mkuu. Marshall ndiye aliyezigonga muhuri, na ni ofisi yake iliyoshindwa kuzipeleka. Siku hizi jaji wa namna hiyo angetakiwa ajitoe kwenye kesi. Yeye aliisikiliza, na hukumu akaiandika mwenyewe.

Kupoteza kidogo, kupata kikubwa

Marshall alibanwa pande mbili. Angemwamuru Madison atoe hati, Madison angepuuza, na nchi nzima ingeona kuwa mahakama haina nguvu. Haikuwa na askari wala fedha za kulazimisha chochote. Angelikataa ombi la Marbury bila maelezo, ingeonekana ameufyata kwa Jefferson, ndugu yake wa ukoo kutoka Virginia ambaye hawakupendana. Hatari nayo haikuwa ya kufikirika: mwezi huohuo wa Februari Jefferson alipeleka bungeni malalamiko dhidi ya John Pickering, jaji wa New Hampshire, ambaye mwaka uliofuata Seneti ilimwondoa kazini.

Marshall aliigawa kesi katika maswali matatu. Je, Marbury ana haki ya kupata hati? Ndiyo, kwa kuwa uteuzi ulikamilika rais alipotia saini, na hati ikakamilika muhuri ulipogongwa. Je, sheria za nchi zinampa nafuu mtu aliyenyimwa haki yake? Ndiyo, kwa sababu serikali ya kisheria haimwachi mwenye haki aondoke mikono mitupu, na waziri akipewa wajibu na sheria hana hiari ya kuukwepa. Hadi hapo Jefferson na Madison walikuwa wamekaripiwa mbele ya umma.

Kwenye swali la tatu mambo yakageuka. Je, nafuu hiyo inaweza kutolewa na Mahakama ya Juu? Marbury alitegemea kifungu cha 13 cha Sheria ya Mahakama ya 1789, ambacho kwa tafsiri ya Marshall kiliiruhusu Mahakama ya Juu kupokea ombi kama lake likiwa jipya, bila kupita mahakama za chini. Lakini katiba ilishaorodhesha kesi zinazoweza kuanzia hapo: zinazowahusu mabalozi, mawaziri wa kidiplomasia na makonseli, na zile ambazo jimbo ni mmoja wa wahusika. Nyingine zote huja kwa rufaa. Kwa hiyo Bunge lilikuwa limeiongezea mahakama mamlaka ambayo katiba haikuipa.

Sheria na katiba zikigongana, jaji afuate ipi? Marshall alijibu kwamba katiba ni sheria iliyo juu, wananchi wameiandika ili iwe mpaka kwa watawala, na mpaka ambao Bunge linaweza kuuvuka likitaka si mpaka. Jaji huapa kuitii katiba. Kazi ya kusema sheria ni ipi ni ya mahakama. Kifungu cha 13 ni batili, na Marbury hawezi kusaidiwa hapo.

Utamu wa hukumu hii ni kwamba haikumwachia mtu yeyote nafasi ya kuikaidi. Madison hakuamriwa kufanya kitu, kwa hiyo hakuwa na amri ya kupuuza. Upande wa Jefferson ulishinda kesi, kwa hiyo haukuwa na hukumu ya kupinga. Mahakama ilijinyima mamlaka madogo ya kutoa amri moja, ikajitwalia makubwa zaidi ya kuamua sheria ipi ibaki na ipi iondoke. Hata William Paterson, mmoja wa majaji wanne waliokubaliana na hukumu hiyo, aliwahi kuwa seneta aliyeshiriki kuandika sheria ileile ya 1789.

Tusimkuze Marshall kupita kiasi. Wazo halikuwa lake peke yake. Alexander Hamilton alilitetea kwenye makala za kuipigia debe katiba mnamo 1788, na mwaka 1796 mahakama hiyohiyo ilipima kodi ya magari ya farasi dhidi ya katiba, ikaona haina tatizo. Siku 6 baada ya hukumu ya Marbury majaji waliikubali sheria ya Jefferson iliyofuta zile nafasi 16. Walijua pa kusimama na pa kuinama.

Hukumu hutiiwa na nani?

Mahakama ya Juu haikubatilisha tena sheria ya Bunge la taifa kwa miaka 54, na ilipofanya hivyo ilifanya vibaya. Mwaka 1857, katika kesi ya Dred Scott, Jaji Mkuu Roger Taney alisema watu weusi hawawezi kuwa raia wa Marekani na kwamba Bunge halina uwezo wa kupiga marufuku utumwa katika maeneo mapya ya nchi. Ilihitajika vita ya wenyewe kwa wenyewe na mabadiliko ya katiba ya 1865 na 1868 kuifuta hukumu hiyo. Jefferson alikuwa ameonya mapema kwamba kuwafanya majaji wasemaji wa mwisho wa katiba ni kuiweka nchi chini ya watu wachache wasiochaguliwa. Onyo hilo bado lina watetezi wake Washington.

Udhaifu ambao Marshall aliukwepa mwaka 1803 ulimkuta mwaka 1832. Mahakama yake iliamua kwamba jimbo la Georgia halina mamlaka juu ya ardhi ya Wacherokee, mojawapo ya jamii za wenyeji asilia. Georgia ilikaidi, Rais Andrew Jackson hakunyoosha mkono, na kufikia 1838 Wacherokee walikuwa wanaondolewa kwa mtutu wa bunduki. Kinyume chake, mwaka 1957, magavana wa kusini walipopinga hukumu ya 1954 iliyoharamisha ubaguzi wa rangi shuleni, Rais Dwight Eisenhower alipeleka askari wa miavuli Little Rock, Arkansas, wawasindikize wanafunzi 9 weusi hadi darasani. Mwaka uliofuata mahakama iliwakumbusha viongozi wa Arkansas hukumu ya Marbury. Julai 1974 majaji 8 kwa sauti moja, wakiitaja tena kesi hiyo, walimwamuru Rais Richard Nixon atoe kanda za mazungumzo yake. Alizitoa, na chini ya wiki 3 baadaye akajiuzulu.

Katiba za Afrika Mashariki hazikuwaachia majaji jambo hili walitafute kwenye kesi ya hati. Ibara ya 64 ya Katiba ya Tanzania inasema sheria inayokiuka katiba ni batili, na Ibara ya 30 inairuhusu Mahakama Kuu, badala ya kuifuta papo hapo, kuipa Serikali muda wa kuirekebisha. Katiba ya Kenya ya 2010 inaipa Mahakama Kuu kazi ya kuamua kama sheria inalingana na katiba. Maandishi yapo wazi kuliko ya Marekani, lakini swali la Marshall linabaki lilelile: hukumu ikishasomwa, nani ataitekeleza?

Marbury hakuwahi kuwa mlinzi wa amani. Aliendelea na biashara na shughuli za benki, akafariki 1835, mwaka uleule aliofariki Marshall baada ya miaka 34 katika kiti cha Jaji Mkuu. Hoja ya Marshall haikuilazimisha Georgia, wala haikumzuia Taney kuitumia kutetea utumwa. Ilifanya kazi pale tu wenye jeshi na fedha walipokubali kuitii. Taifa linalotaka mahakama yenye meno halina budi kuanza na viongozi wanaokubali kushindwa mahakamani.