Je, kesho ipo? Mjadala wa falsafa uliochipuka Ukambani

SWALI la iwapo wakati ujao upo kweli, au ni jina tu tunalolipa jambo ambalo bado halijatokea, limo miongoni mwa maswali makongwe ya falsafa, na hadi leo linawashughulisha wasomi katika vyuo vikuu duniani kote. Kwa upande wa Afrika, mjadala wake mkali zaidi uliwashwa na mzaliwa wa Kitui, Profesa John Samuel Mbiti, aliyeijenga hoja yake juu ya vitenzi vya Kikamba.

Msomaji anaweza kuuliza: yana faida gani kwa mtu wa kawaida? Jibu ni kwamba swali hili la metafizikia, yaani tawi la falsafa linalochunguza asili ya kuwepo, limezaa swali la maadili ambalo hakuna anayeweza kulikwepa: je, tunawiwa nini na watu ambao bado hawajazaliwa?

Eneo la Kambu linatosha kuonyesha uzito wa jambo hilo. Kambu ni mji mdogo kando ya barabara kuu ya Nairobi hadi Mombasa, kati ya Kibwezi na Mtito Andei katika Kaunti ya Makueni. Ng'ambo ya Mto Athi ni Kitui. Nchi ni kame. Mkulima hupanda mbaazi mvua ya vuli inapoanza, Oktoba au Novemba, na huzivuna katikati ya mwaka unaofuata, iwapo mvua haikumsaliti. Anayeishi hivyo hulazimika kuitafakari kesho kila msimu, hata kama hajawahi kulisikia neno metafizikia.

Mbiti ni nani?

John Mbiti alizaliwa mwaka 1931 huko Mulango, Kitui. Alisomea Chuo cha Makerere, Uganda, akaendelea na masomo Marekani, kisha akapata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, mwaka 1963. Alirudi kufundisha Makerere kati ya 1964 na 1974. Baadaye aliongoza Taasisi ya Kiekumene ya Bossey, Uswisi, akawa mchungaji mjini Burgdorf na kufundisha katika Chuo Kikuu cha Bern. Aliaga dunia Oktoba 2019.

Kitabu kilichompa sifa kuu, African Religions and Philosophy, kilichapishwa mwaka 1969. Katika sura yake kuhusu wakati, Mbiti alipanga jedwali la nyakati tisa za vitenzi vya Kikamba, kuanzia kitendo cha mbali kijacho hadi kile cha kale kabisa, ambacho Wakamba hukitaja kwa neno tene. Alibaini kwamba nyakati za kitendo kijacho hazivuki miezi sita hivi, na kwa vyovyote hazizidi miaka miwili. Alidai kwamba hakuna neno wala umbo la kitenzi linalobeba wakati ujao wa mbali sana.

Kutokana na hayo alihitimisha kwamba, kwa Mwafrika wa jadi, wakati una pande mbili tu: wakati uliopita, ambao ni mrefu mno, na wakati uliopo. Wakati ujao karibu haupo, kwa kuwa matukio yake hayajatendeka, na wakati usio na tukio si wakati. Kilicho hakika kutokea, au kinachofuata mzunguko wa maumbile kama misimu, alikiita wakati tarajiwa, si wakati halisi.

Ili kuzitaja pande hizo mbili, Mbiti alichagua maneno ya Kiswahili: Sasa na Zamani. Sasa hukumbatia yale mtu anayoyaishi, aliyoyaishi karibuni na yaliyo karibu kumfikia. Zamani ni ghala kubwa ambamo kila tukio hatimaye huingia. Hivyo wakati, kwa maelezo yake, husonga nyuma: kutoka Sasa kwenda Zamani.

Wafu nao hufuata njia hiyo. Aliyefariki hubaki katika Sasa muda wote ambao yupo mtu anayemkumbuka kwa jina, pengine hadi vizazi vinne au vitano. Anapokufa wa mwisho aliyemjua, naye huzama katika Zamani. Desturi ya Wakamba ya kuwapa watoto majina ya babu na bibi inaeleweka vyema katika mwanga huo.

Vilevile majina kama Kioko, aliyezaliwa asubuhi, Mutuku, aliyezaliwa usiku, na Wambua, aliyezaliwa wakati wa mvua, yanaunga mkono sehemu moja ya hoja ya Mbiti: kwamba wakati hutambuliwa kwa tukio, si kwa tarakimu. Ndiyo maana alisisitiza kwamba mtu aliyeketi chini ya mti hapotezi wakati, kama mgeni anavyodhani. Ama anausubiri, ama anauumba.

Wakosoaji wachachamaa

Hoja hiyo haikupita bila kupingwa. Mwanafalsafa wa Ghana, Kwame Gyekye, katika kitabu chake cha mwaka 1987, alieleza kwamba lugha na fikra za Waakan zina dhana ya wakati ujao wa mbali, na kwa hiyo matokeo ya lugha mbili au tatu za Afrika Mashariki hayawezi kubandikwa bara zima. Huo ndio udhaifu uliotajwa na wengi: Mbiti alianzia Ukambani na kwa Wagikuyu, akaishia kusema juu ya Waafrika wote.

Udhaifu wa pili ni wa kimantiki. Umbo la kitenzi si ushahidi wa kutosha wa imani. Kijapani na Kifini hazina umbo maalumu la kitenzi kwa wakati ujao, lakini hakuna anayedai kwamba Wajapani na Wafini hawapangi ya miaka 20 ijayo. Kiswahili nacho kina kiambishi kimoja tu, -ta-, kwa kesho na kwa karne ijayo, na bado kina maneno mtondo na mtondogoo kwa siku zinazofuata kesho kutwa. Methali zetu zimejaa tahadhari kuhusu yajayo: akiba haiozi, usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Hata simulizi za Wakamba wenyewe huleta ubishi. Husimuliwa kwamba nabii Syokimau alitabiri ujio wa nyoka mrefu atakayekatiza nchi, na wengi hulichukulia hilo kuwa ni reli, ambayo ujenzi wake ulianza Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899 baada ya kupitia nchi hiyo ya Kibwezi. Vyovyote simulizi hiyo ilivyozuka, jamii inayomheshimu nabii imekwisha kuyapa yajayo ya mbali nafasi katika fikra zake.

Upinzani wa tatu ulihusu maana yenyewe ya falsafa. Paulin Hountondji wa Benin, katika kitabu kilichotoka kwa Kifaransa miaka ya 1970, alishambulia kazi zote zinazoitwaa imani ya kabila na kuiita falsafa, kuanzia kitabu cha padri Mbelgiji Placide Tempels kilichoandikwa Kongo mwaka 1945. Kwake falsafa ni hoja ya mtu binafsi inayoweza kujibiwa na mwingine. Haiwezi kuwa kauli moja ya umma mzima.

Nchini Kenya, Profesa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi alitafuta njia ya kati. Kuanzia mwaka 1974 aliendesha utafiti wa kuwahoji wazee wenye hekima vijijini. Lengo lilikuwa kuonyesha kwamba hata pasipo maandishi walikuwepo watu waliozichambua mila zao, wakazikubali baadhi na kuzikataa nyingine kwa sababu walizoweza kuzieleza. Mmoja wao alikuwa Paul Mbuya Akoko. Matokeo yalichapishwa kitabuni mwaka 1990. Katika mkondo unaokaribiana na huo, mtafiti Kai Kresse alichapisha mwaka 2007 kitabu kuhusu wanafikra wa Mombasa, wakiwemo Ahmad Nassir na Ahmed Sheikh Nabhany.

Ukuta unaojengwa

Pamoja na lawama zote hizo, wazo la Mbiti lina jirani asiyetarajiwa katika metafizikia ya Magharibi. Wanafalsafa wa wakati hugawanyika katika kambi kuu tatu.

Kambi ya kwanza hushikilia kwamba kilichopo ni cha sasa tu. Jana imetoweka na kesho haijafika. Kambi ya pili husema nyakati zote zipo sawasawa, kama miji iliyo kando ya barabara moja: aliye Kambu haioni Mombasa, lakini Mombasa ipo. Kambi hii huegemea nadharia ya uhusiano ya Albert Einstein ya mwaka 1905, na miongoni mwa watetezi wake ni Hilary Putnam katika makala yake ya mwaka 1967.

Kambi ya tatu iliasisiwa na Mwingereza C. D. Broad mwaka 1923. Yeye alisema yaliyopita na yaliyopo ni halisi, lakini yajayo si kitu. Ulimwengu ni kama ukuta unaojengwa: kila siku huongeza safu ya matofali, na juu ya safu ya mwisho hakuna tofali lolote. Michael Tooley aliitetea nadharia ya namna hiyo upya mwaka 1997.

Linganisha na Mbiti: Zamani isiyopotea, Sasa inayoongezeka, na wakati ujao usio halisi. Tofauti ni kwamba Broad alitetea hoja yake mwenyewe kuhusu jinsi ulimwengu ulivyo, ilhali Mbiti aliwasilisha hoja yake kama maelezo ya fikra za jamii. Laiti angeitetea kama nadharia yake, huenda angeulizwa maswali tofauti kabisa: si iwapo Waafrika wote wanaiamini, bali iwapo ni ya kweli.

Swali hilo la pili ndilo la falsafa hasa, na bado liko wazi. Aristotle alilikabili zaidi ya miaka 2,300 iliyopita alipouliza iwapo kauli kwamba kesho kutakuwa na vita vya baharini tayari ni kweli au si kweli leo.

Deni kwa wasiozaliwa

Hapa ndipo maadili yanapoingia. Ikiwa wakati ujao si halisi, tunawezaje kuwa na wajibu kwa watu wake? Kitabu cha Mbiti chenyewe kina sehemu ya jibu, na ni ajabu kwamba wakosoaji wengi huipita haraka. Akizungumzia ndoa, anaieleza kuwa makutano ya waliokufa, walio hai na watakaozaliwa. Kwa maneno mengine, mtoto asiyezaliwa ana nafasi yake katika jamii hata kabla ya kupata nafasi katika wakati.

Mbiti pia ndiye aliyeieneza fikra kwamba mtu yupo kwa sababu wenzake wapo. Ifeanyi Menkiti wa Nigeria aliikuza mwaka 1984 kwa kudai kwamba utu hupatikana kupitia jamii. Gyekye akajibu kwamba jamii isimmeze mtu na haki zake. Wote watatu, Mbiti, Gyekye na Menkiti, walifariki mwaka 2019, lakini mjadala wao unaendelea. Mwaka 2012, Kevin Behrens wa Afrika Kusini aliandika kwamba fikra za Kiafrika, kwa kuwaona waliotangulia, waliopo na wajao kama mnyororo mmoja, zina msingi madhubuti wa wajibu kwa vizazi vijavyo. Kabla yake, Odera Oruka aliifananisha dunia na familia moja, ambamo ndugu mwenye uwezo hawezi kujitenga na dhiki ya ndugu yake.

Msimamo huo unakwepa fumbo lililowekwa na Mwingereza Derek Parfit mwaka 1984. Parfit alionyesha kwamba maamuzi yetu makubwa hubadilisha hata ni nani watakaozaliwa. Chukua Bwawa la Thwake kwenye mpaka wa Makueni na Kitui: familia zilihamishwa kulipisha, vijana watakutana na wachumba kwingineko, na watoto watakaozaliwa si wale ambao wangezaliwa. Basi mtoto huyo atalalamika vipi, ilhali bila uamuzi huo asingekuwepo? Kwa anayemjali mtoto kama kiungo cha mnyororo, swali la ni mtoto yupi halina uzito mkubwa. Yeyote atakayekuja, kiti chake lazima kiwe kimehifadhiwa.

Sheria ya Kenya inaelekea huko. Kifungu cha 42 cha Katiba ya mwaka 2010 kinataka mazingira yalindwe kwa manufaa ya vizazi vya sasa na vijavyo.

Wakulima walitangulia. Katika iliyokuwa Wilaya ya Machakos, ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake hadi mwaka 1992, watu walichimba matuta kwenye miteremko kwa miongo mingi. Watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walionyesha katika kitabu chao cha mwaka 1994 kwamba idadi ya watu iliongezeka huku mmomonyoko wa udongo ukipungua. Tuta halimnufaishi aliyelichimba peke yake. Humnufaisha pia atakayelikuta.

Hata hivyo, jambo moja limebadilika tangu 1969. Mbiti aliihesabu misimu kuwa sehemu ya mzunguko wa maumbile usio na shaka. Kati ya mwishoni mwa 2020 na 2022, mvua ilikosekana au kupungua msimu baada ya msimu katika maeneo kame ya Kenya. Msimu ambao zamani ulikuwa wakati tarajiwa sasa ni wa kubahatisha, na sehemu ya sababu ni hewa chafu iliyomwagwa angani na vizazi vilivyopita, vingi vikiwa mbali na Afrika.

Hivyo mkulima wa Kambu leo anaishi katika wakati ujao wa watu ambao hawakumfikiria. Kwao alikuwa hayupo. Kwake deni lao ni halisi. Yeyote anayeshikilia kwamba kesho si kitu anapaswa kwanza kulitolea maelezo deni hilo, kwa kuwa tayari lina wenye kulilipa.