Orodha ya Mategemeo: Moduli na Toleo Lake

Andika 7 / 2 kwenye Python 2, jibu litakuja 3. Andika hivyohivyo kwenye Python 3, ambayo ilitoka Desemba 2008, jibu litakuja 3.5. Msimbo haukubadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni kinachoubeba. Ndiyo maana mwanaprogramu akiulizwa amepataje jibu lake, haitoshi kuonyesha msimbo peke yake. Anadaiwa pia orodha: ametumia lugha gani ya toleo gani, moduli zipi, na kila moduli ni ya toleo lipi. Makala haya yanaieleza orodha hiyo na kuipendekezea jina la Kiswahili: orodha ya mategemeo.

Tuanze na moduli. Hii ni sehemu ya msimbo iliyoandikwa ifanye kazi fulani, ambayo programu nyingine huiita na kuitumia bila kuiandika upya. Neno lenyewe limeshazoeleka. Walimu wanalikuta kwenye mafunzo kazini kila mwaka, na liko katika ngeli ya I-ZI: moduli hii, moduli hizi. Lisichanganywe na kifurushi. Kifurushi ni kile kinachopakuliwa na kusakinishwa, na ndani yake mna moduli moja au nyingi. Asiyeitambua tofauti hii hukwama haraka. Katika Python unasakinisha kifurushi kiitwacho Pillow, lakini ndani ya msimbo unaita PIL. Unasakinisha scikit-learn, unaita sklearn. Unasakinisha beautifulsoup4, unaita bs4. Ukimpa mwenzako majina uliyoyaita kwenye msimbo tu, ataanza kuhangaika akiyatafuta mahali yasipokuwepo. Kwa hiyo orodha iliyo kamili huandika jina la kusakinishia.

Neno la pili ni toleo, nalo tunalijua tangu vitabuni. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ina toleo la 1981, la 2004 na la 2013, na mwanafunzi anayeinukuu hulazimika kusema amefungua lipi, kwa kuwa kilichomo hakifanani. Moduli nazo ni hivyohivyo, ila matoleo yake hufuatana kwa kasi kubwa zaidi, na badala ya mwaka mengi hutambulishwa kwa tarakimu zilizotenganishwa kwa nukta, kama 2.17.1. Kwa utaratibu ulioenea, tarakimu ya kwanza ni toleo kuu, nalo hupanda pale mabadiliko yanapovunja yaliyokuwa yakifanya kazi. Ya pili ni toleo dogo, linaloongeza jambo jipya bila kuharibu la zamani. Ya tatu ni kiraka, kinachoziba kasoro. Nukta hizo si za desimali. Python 3.10, iliyotoka Oktoba 2021, ilikuja baada ya 3.9, kwa hiyo anayeisoma kama tatu nukta moja ameirudisha nyuma miaka mingi.

Utaratibu huo haufuatwi na kila mradi, na hapo ndipo jina la moduli bila toleo linapopotosha. Katika scikit-learn, moduli ya kujenga msitu wa miti ya maamuzi ilikuwa ikitumia miti 10 pale mtumiaji asipotaja idadi. Kuanzia toleo 0.22, idadi hiyo ikawa 100. Watafiti wawili wenye data ileile na msimbo uleule, mmoja akiwa na toleo la kabla ya hapo na mwingine la baada, watapata matokeo tofauti, na hakuna atakayeoneshwa kosa lolote. Lugha ya R nayo, katika toleo 3.6.0 la mwaka 2019, ilibadilisha kanuni ya kuchagua sampuli kwa bahati nasibu. Aliyeweka namba ya kuanzia ileile, akitarajia apate sampuli ileile ya mwaka uliotangulia, alipata nyingine.

Sasa jina la orodha yenyewe. Neno linalomjia mtu kwanza kwa moduli inayohitajiwa na programu ni tegemezi, lakini sarufi yetu inalikataa. Kishazi tegemezi ni kile kisichojitosheleza, kinachosubiri kishazi kingine kikikamilishe. Mtu tegemezi ni anayetunzwa na wengine. Basi katika uhusiano huu programu ndiyo tegemezi, na moduli inayoibeba ni tegemeo. Wingi wake ni mategemeo, na uhusiano kati ya pande hizo mbili ni utegemezi. Tukigawa kazi hivyo, maneno haya matatu yanatuwezesha kusema jambo ambalo neno moja lingelivuruga: moduli ileile inaweza kuwa tegemeo la programu yako na papo hapo ikawa tegemezi kwa moduli nyingine.

Mfano ulio wazi ni pandas, inayotumiwa sana kuchambua majedwali. Fungua mazingira mapya ya Python, sakinisha pandas toleo 2.2.2 peke yake, kisha toa amri ya pip freeze. Utaona orodha ya namna hii:

numpy==1.26.4
pandas==2.2.2
python-dateutil==2.9.0.post0
pytz==2024.1
six==1.16.0
tzdata==2024.1

Uliomba kimoja, vimekuja sita. Numpy imekuja kwa sababu pandas hufanya hesabu zake juu yake. Python-dateutil husoma tarehe, nayo imeivuta six, kifurushi kilichoundwa ili msimbo mmoja uweze kuendeshwa kwenye Python 2 na 3. Jina lake ni zao la 2 mara 3. Tzdata hubeba kanuni za saa za kanda za dunia, na toleo lake huhesabiwa kwa mwaka kwa sababu serikali hubadilisha saa zao mara kwa mara. Six ni tegemeo la tegemeo. Hukuiita popote, pengine hukuwahi kuisikia, lakini ikiondolewa, pandas haisimami.

Alama mbili za usawa zina maana yake: toleo hili hasa, si jingine. Zingekuwa >= zingesema toleo hili au lolote la baadaye. Hizo ni orodha za aina mbili zenye kazi tofauti. Moja ni ombi, inaeleza programu inaweza kukubali nini. Nyingine ni rekodi, inaeleza kilichokuwepo siku kazi ilipofanyika. Anayetaka kazi yake irudiwe na wengine atoe rekodi. Tena aongeze ambacho pip freeze haikitaji, yaani toleo la Python yenyewe na mfumo endeshi wa kompyuta. Kwa wanaotumia R, amri ya sessionInfo() hutaja vyote hivyo kwa pamoja.

Umuhimu wa orodha hii ulidhihirika Desemba 2021, ilipotangazwa kasoro katika Log4j, moduli ya Java inayoandika kumbukumbu za matukio ndani ya programu. Mshambuliaji aliweza kutuma maandishi mafupi, na yakishaandikwa kwenye kumbukumbu, seva ingepakua msimbo wake na kuuendesha. Apache Software Foundation ilitoa toleo 2.15.0, ikaonekana tiba haikutosha, likafuata 2.16.0, kisha 2.17.0 mwezi huohuo. Kazi ngumu kwa wasimamizi wa mifumo ilikuwa kujua kama wanayo, na ni ya toleo lipi. Log4j ilikuwa imejificha kama tegemeo la tegemeo katika programu ambazo wenyewe hawakuwahi kuisakinisha kwa mkono. Mwenye orodha kamili alitafuta jina moja, akasoma tarakimu zake, akajua pa kuanzia. Asiye nayo alilazimika kupekua seva moja baada ya nyingine huku hatari ikiendelea.

Kwetu sisi tunaoandika na kufundisha kwa Kiswahili, haja iko karibu zaidi kuliko tunavyodhani. Tasnifu nyingi leo zina majedwali na michoro iliyokokotolewa kwa Python au R. Mwandishi hutaja kila kitabu alichonukuu, pamoja na mwaka na toleo, kisha akasema tu kwamba data ilichambuliwa kwa Python. Kauli hiyo haimsaidii msomaji anayetaka kuhakiki, kwa maana tumeona jinsi toleo linavyoweza kubadilisha jibu bila kutoa onyo. Wasimamizi wa utafiti na wahariri wa majarida wadai kiambatisho chenye kichwa "Orodha ya mategemeo", kikitaja lugha na toleo lake, mfumo endeshi, kisha kila kifurushi na toleo lake, pamoja na vile visivyoitwa moja kwa moja. Amri za kukiandaa ni mbili au tatu, na mahali pake ni kando ya orodha ya marejeo, kwa kuwa vyote viwili vinajibu swali lilelile la msomaji: haya umeyatoa wapi?